Shangazi, afike kilo ngapi ndo nijue kapona?

Mama wa Kimara, pole sana mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema binti yako wa miaka 15 toka afunge shule karudi nyumbani sketi inamdondoka, wali hagusi, akila kidogo anakimbilia chooni anafungulia bomba, bibi yake anasema ni vidonda vya tumbo tu, na we umenunua mzani unampandisha kila asubuhi, mnaianza siku kwa kugombana na kulia. Afu unaniuliza afike kilo ngapi ndo ujue kapona.

Huo mzani utoe ndani leo hii. Kilo zina maana sana na lazima zifuatiliwe, ila sio na wewe na sio mbele yake. Mtoto mwenye shida hii ya ulaji, yaani kujinyima chakula au kujitapisha kwa kuogopa kunenepa, namba inamkaa kichwani kutwa nzima, ikipanda anaogopa anapunguza kula, ikishuka anafurahi anapunguza tena, kwa hiyo vyovyote itakavyosoma siku imeshaharibika. Mpeleke hospitali apimwe huko, mara nyingi ni mara moja kwa wiki, kaupa mzani mgongo, nesi anaandika kimya kimya. Ongea na nesi kabla hamjaingia maana wengine wanatangaza kilo za mtu korido nzima inasikia.

Sasa kilo ngapi, hiyo siwezi kukutajia na jirani asikutajie. Ile hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, kwamba ukianzia 18.5 uko sawa ni ya watu wazima. Watoto wa miaka 5 mpaka 19 wana chati zao za umri za Shirika la Afya Duniani (WHO), za mwaka 2007, na daktari anaangalia pia mwanao mwenyewe alikuwa anakuaje toka zamani, kwa hiyo itafute ile kadi yake ya kliniki ya utotoni ubebe. Na kumbuka bado anarefuka, kilo zikigoma pale pale miezi sita huku kimo kinaongezeka, huko nako ni kupungua.

We angalia yale ambayo mzani hausemi. Hedhi imekata? Anasikia baridi kwenye joto hili la Dar? Akisimama anaona kizunguzungu? Na hicho choo usikipuuze, kutapika mara kwa mara kunashusha madini ya potasiamu mwilini, moyo unaweza kwenda vibaya hata kama kilo zake ni za kawaida kabisa, hili wengi hawalijui. Akizimia, au mapigo ya moyo yakaenda taratibu sana, au kapitisha siku kadhaa hajala, usisubiri Jumatatu, ni emajensi usiku huo huo, na usimshindilie chakula kingi ghafla, mwili uliokaa na njaa unaweza kudhurika.

Akishaonwa na daktari, kazi yako nyumbani ni sahani. Milo mitatu na vitafunwa katikati, unapakua wewe, unakaa naye mpaka amalize na baada ya hapo msuke hata nywele ili asiende chooni peke yake. Atakununia, atakutukana labda, vumilia, huo ni ugonjwa unaongea. Bibi na mashangazi waambie mapema, hamna cha "umepungua umependeza" wala "umenenepa" ndani ya nyumba hiyo.

Muhimbili kuna madaktari wa watoto na wa afya ya akili, omba awaone wote wawili. Na akitamka kwamba amechoka kuishi, hilo nalo ni la usiku huo huo. Ukishamuona daktari niandikie, nasubiri.