Toyota Crown ya 2004 kwa matumizi ya Mtwara: nunua, ila kagua kwanza

Mkuu, umeuliza kama Crown ya 2004, yenye injini ya V6 (silinda sita) ya lita 2.5, itakufaa hapo Mtwara mjini. Naelewa inavyokuvuta: jina hilo lipo tangu 1955, na toleo hili, lililotoka Desemba 2003, lilileta injini za V6. Kiti cha nyuma ni sebule kabisa!

Tatizo, injini hiyo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo masizi hujikusanya kwenye valvu za kuingizia hewa. Nenda asubuhi, iwashe ikiwa baridi. Ikitetemeka au kutoa moshi wa buluu, achana nayo. Chungulia kutu chini. Chumvi ya bahari haina huruma.

Kabla ya kutoa hela, fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu aipime, na kadi ya gari ihakikiwe TRA (Mamlaka ya Mapato). Kama kila wiki unakwenda shambani kwenye mikorosho, Crown iko chini mno. Tafuta gari lililoinuka kama Toyota RAV4.