Maswali yenu kuhusu shule za kiangazi za amani

Kila msimu wa kutuma maombi unapokaribia, wasomaji huniuliza kuhusu shule za kiangazi za utatuzi wa migogoro na ujenzi wa amani, zile kozi fupi ambazo vyuo na taasisi mbalimbali huziendesha hasa kati ya Mei na Agosti. Safari hii nimekusanya maswali yanayojirudia zaidi. Mengine nimeyafupisha, lakini hoja za wenyewe sijazigusa.

Watu wamepigana miaka thelathini, halafu sisi tujifunze kuwapatanisha kwa wiki tatu? Huko kunafundishwa nini hasa?

Wiki tatu hazimtoi mtu akiwa msuluhishi, na kozi inayokuahidi hivyo ikimbie. Zinatosha kubadili namna unavyoutazama mgogoro. Siku za mwanzo karibu zote huenda kwenye uchambuzi. Mnachora ramani: nani yumo, nani anamuunga mkono nani, nani ana ushawishi ila haonekani, nani ananufaika ugomvi ukiendelea. Kisha mnachora mti, vyanzo vikiwa mizizi, tatizo lenyewe likiwa shina, madhara yakiwa matawi. Utadhani ni kazi ya watoto, mpaka washiriki wawili waliotoka nchi moja wagundue kwamba alichokiandika mmoja kwenye mizizi, mwenzake amekiweka kwenye matawi. Huyu anasema umaskini ndio ulioleta vita, yule anasema vita ndivyo vilivyoleta umaskini. Hapo ndipo darasa linapochangamka.

Baadaye huja maigizo. Zoezi moja la kawaida ni la wakulima na wafugaji wanaogombea mto. Kila mshiriki hupewa karatasi yenye madai yake, na chini yake pameandikwa jambo analoliogopa, ambalo haruhusiwi kulitaja mpaka aulizwe. Anayeigiza msuluhishi, mara nyingi mtu msomi na mwenye nia njema kabisa, haichukui dakika tano kabla hajatoa suluhisho: ninyi nywesheni asubuhi, ninyi mwagilieni jioni. Mwezeshaji anasimamisha igizo na kumgeukia mfugaji: "Amekuuliza swali lolote?" Hajamuuliza. Kwenye karatasi yake hofu si maji, ni njia ya kupitisha mifugo ambayo watu wameanza kuilima. Ratiba ile nzuri isingewafikisha ng'ombe mtoni. Zoezi hilo nalithamini kuliko mihadhara yote, maana mtu anajionea mwenyewe jinsi haraka ya kuleta suluhu inavyomziba masikio.

Mimi ni muuguzi, sijawahi kufanya kazi ya siasa wala ubalozi. Si nitakuwa nimepotea njia?

Hapana, dada yangu. Wewe ndiye unayehitajika. John Paul Lederach, mmoja wa waasisi wa mafunzo ya amani katika Chuo Kikuu cha Eastern Mennonite huko Virginia, Marekani, chuo chenye shule ya kiangazi ya amani tangu 1994, aliwagawa wenye uwezo wa kuleta amani katika ngazi tatu. Juu wako wakuu wa serikali na majeshi. Katikati wako watu wanaoheshimika pande zote: viongozi wa dini, wasomi, wakuu wa mashirika. Chini wako wanaoishi na mgogoro kila siku, na humo aliwataja waziwazi watumishi wa afya wa mahali pale. Hoja yake ilikuwa kwamba mapatano yanayobaki juu tu hayana miguu.

Mfano ambao utausikia karibu kila darasa ni wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilikuwa zinauana. Kikundi cha wanawake, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, kilianzia sokoni: kuhakikisha mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kubughudhiwa. Kutoka hapo waliwafikia wazee, vijana, wafanyabiashara na maofisa wa serikali, na mwaka 1993 wazee wa koo wakatia saini tamko la Al Fatah la kusimamisha uhasama. Dekha alipata Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki 2011. Hakuanza na cheo chochote. Alichokuwa nacho ni kujua nani anamsikiliza nani, na wewe muuguzi unalijua hilo kuhusu wagonjwa wako na familia zao kuliko balozi yeyote.

Nina miaka 22 na sijamaliza chuo. Ningoje?

Usingoje, ila soma masharti, kwa kuwa baadhi ya kozi hutaka shahada au uzoefu wa kazi. Umri peke yake si kikwazo. Azimio namba 2250 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Desemba 2015, linawataja watu wa miaka 18 hadi 29 kama washiriki wa ujenzi wa amani. Lisome kabla ya kuandika maombi, si refu.

Nimeona orodha ya washiriki. Yumo mtu wa upande uliowaua ndugu zangu. Tutakaa darasa moja na kula meza moja. Sijui kama naweza.

Pole sana, ndugu yangu. Swali lako ndilo zito kuliko yote niliyopata, na sitakwambia uende wala usiende.

Nitakueleza kinachojulikana. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika kwamba kuwakutanisha watu wa makundi yanayochukiana hakuondoi chuki kwenyewe tu. Kunasaidia pale wanapokuwa na hadhi sawa, wanapofanyia kazi lengo moja, wanaposhirikiana badala ya kushindana, na wenye mamlaka mahali hapo wanapounga mkono jambo hilo. Yakikosekana haya, kukutana kunaweza hata kuzidisha uchungu. Kwa hiyo waandikie waandaaji mapema na uwaulize bila haya: je, kuna mshauri nasaha? Naruhusiwa kutoka zoezi likinizidi? Malazi yamepangwaje? Yanayosemwa darasani yanalindwaje? Kozi nyingi hufuata kanuni ya Chatham House, iliyotungwa London mwaka 1927: unaweza kuyatumia uliyoyasikia, lakini usimtaje aliyeyasema wala kutoa dalili za kumtambulisha. Kwa mtu anayerudi kwenye eneo la vita, hilo ni suala la usalama wake na wa jamaa zake. Ulizia na picha. Picha moja ya pamoja mtandaoni, wewe na "adui" mkicheka, inaweza kukuletea balaa nyumbani. Una haki ya kukataa kupigwa picha.

Jambo la pili: hukutumwa kuwawakilisha wafiwa wote. Wawezeshaji wasio makini huwa wanamgeuza mshiriki kuwa msemaji wa taifa zima, wanamtaka alie mbele ya watu ndipo waone kikao kimefaulu. Huna deni hilo. Hudaiwi kusamehe kufikia Ijumaa ya mwisho. Nimewaona watu wakimaliza kozi bila kushikana mikono, na bado kila mmoja akaondoka akijua jina la mama wa mwenzake na alivyokufa. Sioni kama walishindwa.

Na ukiamua kwamba mwaka huu huwezi, ahirisha. Kozi zitakuwepo mwakani.

Amani, amani, kila siku amani. Haki je? Mafunzo haya si ya kuwafundisha wanyonge kunyamaza?

Hofu yako ina msingi, kwa sababu wapo wanaoyatumia hivyo. Lakini taaluma yenyewe ilianza kwa kulikataa jambo hilo. Johan Galtung, aliyeanzisha taasisi ya utafiti wa amani mjini Oslo mwaka 1959, alitofautisha amani hasi, yaani bunduki kunyamaza tu, na amani chanya, ambamo hata dhuluma iliyojengwa ndani ya sheria na uchumi imeondolewa. Mtoto anayekufa kwa ugonjwa unaotibika kwa sababu kabila lake halijengewi zahanati, kwa mtazamo huo, naye ameuawa na vurugu, ingawa hakuna aliyemshikia panga.

Katika kozi nzuri utakutana na mvutano huu bila kufichwa. Chukua Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, iliyoundwa kwa sheria ya 1995 na kuongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu. Watu husema tume ile ilisamehe kila mtu. Sivyo. Mkosaji aliomba yeye binafsi msamaha wa kutoshtakiwa, kwa kosa lenye sababu za kisiasa, na alitakiwa kueleza ukweli wote. Waliomba zaidi ya 7,000, na wengi wao walikataliwa. Hata hivyo familia ya Steve Biko, mpinga ubaguzi wa rangi aliyeuawa mikononi mwa polisi mwaka 1977, ilikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama ya Katiba kupinga utaratibu huo, kwa sababu uliwanyima haki ya kuwashtaki wauaji. Walishindwa mwaka 1996. Mwalimu wako akikusimulia habari za Tutu bila kuitaja familia ya Biko, nyoosha mkono uulize. Mimi nasimama na walioenda mahakamani zaidi ya ninavyosimama na wanaopiga makofi kwenye semina, ingawa naelewa kwa nini nchi ile ilichagua njia ile.

Nitapataje udhamini? Ada ni kubwa kuliko uwezo wangu.

Omba mapema, kwa sababu fedha za udhamini huisha kabla ya nafasi za masomo, na viza nayo ina muda wake. Barua yako isijae maneno kama "nina shauku kubwa ya kuleta amani duniani". Taja mgogoro mmoja unaoufahamu: nani anagombana na nani, kuhusu nini, umefanya nini, umekwama wapi. Uliza pia kama udhamini unalipia nauli na bima au ada tu. Taasisi yoyote inayokutaka utume pesa kwenye akaunti ya mtu binafsi ili "kuharakisha" nafasi, achana nayo.

Cheti kitanipa kazi?

Peke yake, hapana. Leymah Gbowee wa Liberia alisoma shahada ya uzamili katika chuo kile kile cha Virginia baada ya kuwaongoza wanawake walioshinikiza mapatano ya Accra ya 2003 yaliyomaliza vita vya nchi yao, na Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2011 ilitokana na kazi ile, si na cheti.

Nilihitimu mwaka jana. Nimerudi na daftari limejaa, na sijui nianzie wapi.

Anza kwa kutoanzisha mradi. Mary Anderson, mchumi wa Marekani, aliongoza katika miaka ya 1990 uchunguzi wa jinsi misaada inavyoweza kuchochea vita, na kutoka humo ikaja kanuni ya kutodhuru: kabla ya kufanya lolote, tambua yanayowatenganisha watu na yanayowaunganisha, kisha jiulize hatua yako itaongeza lipi. Nani utamwajiri, utakodi nyumba ya nani, mkutano utafanyika upande gani wa barabara. Ukiwaajiri vijana wa ukoo mmoja kwa sababu ndio wanaojua kompyuta, umeshachukua upande, hata kama bango lako limeandikwa "amani".

Kwa hiyo miezi ya mwanzo tembelea watu, ukiwa na maswali bila mapendekezo. Tafuta wale ambao tayari wanapatanisha bila kulipwa: bibi fulani, fundi fulani, imamu au mchungaji ambaye watu wa pande zote humwendea. Waulize wanakwama wapi. Kama jibu lao ni kwamba wanakosa mahali pa kukutania pasipo pa upande wowote, mradi wako wa kwanza ni kutafuta chumba.