Panzi wa kwanza mwenye rangi kali aliponaje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Huku Newala mihogo yetu inaliwa na wale panzi wanaonuka. Wakiwa wadogo ni weusi wenye madoa ya njano, wakikua wanachanganya njano, nyeusi na rangi ya chungwa. Hawajifichi wala hawana haraka, na kuku wangu wanawapita tu. Nimesoma kuwa rangi hiyo ni onyo kwa ndege. Sawa, lakini panzi wa kwanza kuzaliwa nayo si ndiye angeonekana upesi na kuliwa kabla ndege hajajifunza? Rangi ilirithiwaje? – Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba. Umegusa penye ugumu hasa, na nimelifurahia sana swali hili.

Mwaka 1867 mwanasayansi wa viumbe Charles Darwin alimwuliza mwenzake Alfred Russel Wallace kwa nini viwavi wengine wana rangi za kung'aa, ilhali kiwavi hatafuti mwenza wa kumpendeza. Wallace akajibu kwamba bila shaka ni wabaya kwa ladha, na rangi inamjulisha ndege mapema. Miaka miwili baadaye John Jenner Weir, aliyefuga ndege, akaeleza kuwa ndege wake waliwakataa viwavi wa namna hiyo. Hata hivyo swali lako lilibaki palepale.

Tuanze na sumu, maana bila hiyo rangi ni hasara tupu. Panzi wa jamii hii huvutwa na mimea yenye sumu, marejea (mmea wa jamii ya kunde) ikiwemo, na sumu hiyo huihifadhi mwilini. Mshike mmoja uone: atatoa majimaji mgongoni, na harufu yake itabaki vidoleni.

Sasa angalia wanavyokaa. Jike hutaga mayai kwa fungu ardhini, yanaanguliwa kwa pamoja, na tunutu, yaani panzi wachanga, wanarundikana kwenye kichaka kimoja. Humo wamo ndugu wengi wa tumbo moja. Ndege akidonoa mmoja, anakutana na uchungu, anatema, anapangusa mdomo kwenye tawi na kuondoka. Aliyekufa hatazaa. Nduguze, ambao wengi wamerithi rangi ileile, watazaa. Hoja hii aliitoa R. A. Fisher, mtaalamu wa takwimu na urithi, mwaka 1930, na kwangu mimi ndiyo nguzo ya jibu lako.

Siyo peke yake, lakini. Mdudu mwenye ngozi ngumu anaweza kudonolewa, akatemwa, akaendelea na maisha yake. Tena ndege wengi husita mbele ya chakula wasichowahi kukiona, kwa hiyo huyo wa kwanza hakuwa na hakika ya kufa. Na rangi kali hukumbukwa upesi: ndege aliyeonja uchungu wa panzi wa kijani atamchanganya kesho na panzi wa kijani aliye mtamu, ila mweusi mwenye njano hamsahau.

Wala si lazima rangi ianze kwa mmoja aliye peke yake. Mtazame nzige wa jangwani, wale walioingia Kenya mwishoni mwa 2019. Tunutu wake akikua peke yake huwa wa kijani, anajificha majanini. Wakisongamana, mdudu yuleyule hugeuka njano na nyeusi, na hula hata mimea yenye sumu ambayo angeikwepa. Kundi kubwa haliwezi kujificha, kwa hiyo kujificha hakumfai tena kitu, na ndege aliyeonja mmoja ana mamia mbele yake ya kuyakwepa. Hapo rangi inajitokeza pale tu inapolipa.

Kuhusu mihogo yako: tabia hiyohiyo ya kukaa pamoja ndiyo inayowapa wakulima nafasi. Mkiona majike wamekusanyika kutaga kivulini, wekeni alama mahali hapo, kisha mfukue udongo ili mayai yakaushwe na jua kabla hayajaanguliwa. Fanyeni na majirani, kwa sababu panzi wa shamba la pili watahamia kwako.