Mdomo wa mto Uingereza

SWALI: Shikamoo mhariri, niko Nkuhungu hapa Dodoma, hivi kwenye ramani ya Uingereza mbona miji mingi inaishia na mouth, Plymouth, Dartmouth, Exmouth, ndo mdomo huuhuu wa kulia ugali au jina tu?

JIBU: Marahaba mwanangu, ndo huohuo. Waingereza wa zamani, kabla ya 1066 huko, mdomo waliuita muth na pale mto unapomwaga maji baharini wakapaita mutha, kwa hiyo Plymouth ni pale mto Plym unapoishia, Dartmouth ni mto Dart, Exmouth ni Exe. Sisi wa makorongo yanayojaa mvua ikinyesha tu hatuioni sana midomo ya mito kama hiyo. Portsmouth usiichanganye, hiyo ni mdomo wa bandari.

Mimi kinachonifurahisha zaidi ni ile n iliyopotea, Wajerumani mdomo wanauita Mund, Waingereza n wakaidondosha, na kwenye jino hivyohivyo, Waholanzi wana tand, Waingereza wana tooth, walimu wangetufundisha hivi shuleni tungeipenda lugha! Halafu bitter, yaani chungu, ni ndugu wa bite, kung'ata, kitu kichungu walikiona kama kinaung'ata ulimi.