Mgonjwa wa ini akipasuliwa, msimng'ang'anie daktari amwongeze damu

Huku kwetu Lamu mtu akienda kupasuliwa, swali la kwanza barazani ni ameongezwa chupa ngapi, na zikiwa nyingi watu huona huyo kahudumiwa vizuri. Ami yangu alipokwenda Mombasa kutolewa kipande cha ini chenye kansa, simu zilikuwa haziishi, kila mtu anataka apigwe damu hata kabla hajaingia tieta eti apate nguvu, shangazi mmoja akasema kama ni pesa semeni tuchange. Mimi ndo nilikuwa naye wodini kwa hiyo maneno yote yalipitia kwangu.

Jamani, damu ya mtu mwingine si juisi ya ukwaju. Inaokoa maisha, hilo halina ubishi, lakini inaweza kuilegeza kinga ya mwili kwa muda, na kinga hiyo hiyo ndo tunayoitegemea isake chembe za kansa zilizobaki. Tafiti nyingi zimeona wagonjwa wa kansa ya ini walioongezwa damu kwenye upasuaji kansa iliwarudia zaidi na waliishi muda mfupi kuliko wasioongezwa. Sasa hapa tulieni, manake najua wa wasap mtalikata hili msambaze nusu: anayeongezwa mara nyingi ndo yule mwenye uvimbe mkubwa, ini lishakakamaa, kavuja sana, kwa hiyo kujua lawama ni ya damu au ya ugonjwa wenyewe ni kazi. Ndo maana madaktari wanatoa kwa kipimo, si kwa presha ya familia.

Na ini linavuja kweli. Karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo inapitia pale, halafu ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu, likiwa bovu unavuja na hugandi. Wapasuaji hubana mishipa inayoingiza damu kwenye ini kwa dakika kadhaa kisha wanaachia, mbinu aliyoieleza daktari Pringle tangu 1908, na daktari wa usingizi anabana maji ya dripu ili mishipa isivimbe.

Baada ya upasuaji HB ya ami, yaani kile kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 8.6, midomo imepauka, na binamu yangu alipomwona tu akaanza kelele. Daktari akamjibu taratibu, haijashuka chini ya 7, presha iko sawa, moyo hauendi mbio, hapumui kwa shida, sitampa. Binamu akatoka nje amenuna, anasema tunabaniwa kwa sababu tumetoka visiwani! Damu haikuwekwa, na ami akaanza kutembea kwa kushikilia stendi ya dripu, anasimama kila kitanda kusalimiana na watu.

Kazi yenu nyinyi familia iko kabla. HB ipimwe mapema, ikiwa chini ulizeni sababu, huenda ni upungufu wa madini ya chuma, huenda anavuja tumboni kidogo kidogo bila nyinyi kujua. Msimnunulie vidonge vya chuma kwa kujiamulia, si kila ini bovu linavitaka, na zile dawa za chupa za kuongeza damu zinazouzwa mkononi mimi nazichukia kabisa, nyengine zinaliumiza hilo hilo ini. Kama anameza aspirini daktari aambiwe.

Akiba ya damu nayo lazima iwepo hata kama haitatumika. Nendeni mkatoe mapema, isiwe asubuhi ya upasuaji, manake kila chupa inapimwa ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende kabla haijaruhusiwa. Grupu lako si lazima lifanane na la mgonjwa, unajazia benki tu. Uwe na kilo 50 kwenda juu na uwe umekula, vijana wetu wawili walirudishwa, mmoja mwembamba na mwengine kakesha na miraa tumbo tupu, na ukifikiria boti mpaka Mokowe halafu basi mpaka Mombasa, inauma.

Lakini daktari akisema sasa anahitaji, msibishane naye hata kidogo, kuvuja kunaua leo leo. Muulizeni mapema ataongeza HB ikifika ngapi na chupa ngapi za grupu lake zimewekwa tayari, na fomu ya idhini mgonjwa asomewe na asaini mwenyewe akiwa na akili zake, msingoje yuko tieta nyinyi mnatafutana kwa simu.