Ombi la Taarifa za Mazingira Linapokataliwa

Ofisi ya umma ikikataa kukupa taarifa za mazingira, usidhani mambo yameishia hapo. Isome barua yake kwa makini ukitafuta mambo mawili: imetegemea sababu gani ya kisheria, na inadai ni madhara gani yangetokea iwapo taarifa ingetolewa. Katika kuwasaidia watu kuandika maombi ya aina hii, nimeona barua nyingi zinazotaja la kwanza na kulinyamazia la pili.

Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998, unaozifunga nchi nyingi za Ulaya, haumlazimishi mwombaji kueleza anaitakia nini taarifa, nao unaruhusu kukataa kwa sababu ulizozitaja tu. Mamlaka inaweza kusema haina taarifa hiyo, ombi ni la jumla mno, au waraka bado unaandaliwa. Sababu nyingine zinategemea madhara: kwa usalama wa umma, kwa mwenendo wa kesi, kwa faragha ya mtu, au kwa mazingira yenyewe. Ndiyo maana mahali wanapozaliana viumbe adimu panaweza kufichwa kihalali, jambo ninaloliunga mkono bila kusita.

Kinachonikera ni siri ya biashara inavyotumiwa kama ngao. Wakazi fulani waliomba matokeo ya vipimo vya majitaka ambayo kiwanda kilikuwa kikiyamwaga mtoni, wakajibiwa kwamba takwimu hizo ni mali ya kiwanda. Ilhali Ibara ya 4 ya mkataba huo inaagiza kwamba taarifa kuhusu uchafu unaotolewa, iwapo inahusu ulinzi wa mazingira, itolewe hata pale inapodaiwa kuwa ni siri ya biashara. Tuliandika upya tukiitaja ibara hiyo, tukaomba pia kwamba kilicho siri kweli kitengwe na kilichobaki kitolewe. Majedwali yalikuja na mistari michache iliyopakwa wino mweusi, lakini safu za vipimo zilisomeka zote.

Ombi lako litaje mto, kipindi na aina ya vipimo, ili lisiitwe la jumla mno. Kwa mujibu wa mkataba huo, jibu linapaswa kutoka ndani ya mwezi 1, au miezi 2 ikiwa taarifa ni nyingi au ina utata. Ukiomba kwa maandishi, unapaswa kukataliwa kwa maandishi pia, pamoja na sababu na maelezo ya namna ya kudai uamuzi upitiwe upya. Barua ikikosa hayo, anza rufaa yako na kasoro hiyo.