Jina la Majivuno katika Kusadikika
Katika riwaya ya Kusadikika, jina la waziri mkuu si bahati mbaya hata kidogo, Shaaban Robert alimwita Majivuno kwa makusudi. Kitabu kilitoka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na kumkosoa mtawala waziwazi kulikuwa hatari. Kwa hiyo majina yakabeba lawama: Majivuno ndiye anayemshtaki Karama, ambaye kosa lake ni kufundisha uanasheria. Angalia pia wajumbe waliotumwa nje ya nchi, akina Buruhani, Fadhili na Amini. Wanarudi na mambo ya kuifaa nchi, wanatupwa gerezani! Hapo ndipo mwandishi anapouma hasa. Ila usimtafute gavana fulani nyuma ya Majivuno. Jina linasema tabia ya utawala, na ndiyo maana wasomaji waliendelea kuwatambua watawala wao humo hata baada ya uhuru.